Mfupa Uliopakwa Mafuta

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mfupa akauvika nyama, akaujua udhaifu wake hata kabla mwenye mfupa hajapewa jina. Namshukuru kwa miaka aliyonijalia, ile ya utulivu na ile ya moto. Namwomba ausimamie ulimi wangu, nisiandike ila nililoliona kwa macho yangu au nililoambiwa na mtu ninayemwamini.

Nataka kueleza habari ya mfupa wa marehemu mke wangu. Wanangu wanaijua, lakini kila mmoja anaisimulia kivyake, na mimi ndiye niliyekuwapo mwanzo hadi mwisho.

Tulikuwa tunakaa Rumonge, nyuma ya msikiti. Mimi nilisomesha watoto Kurani chuoni, na mke wangu alikamua mawese pamoja na wanawake wenzake. Miaka ile ya vita tulikimbia mara nyingi, siwezi kusema ngapi. Milio ikianza upande wa milimani, watu walishuka ufukweni, wengine wakaelekea kusini hadi kwenye michikichi ya Kigwena, tukalala huko mpaka tusikie kumetulia. Katika kukimbia kote huko mke wangu alibeba sufuria kichwani na mjukuu mgongoni, na hakuanguka hata siku moja. Nilikuwa nyuma yake na Kurani kifuani, nikiziangalia nyayo zake, na nilidhani miguu ile ingenizika.

Mfupa wake ulivunjika asubuhi tulivu, uani kwetu. Aligeuka kumfukuza kuku aliyekuwa akidonoa kokwa alizozianika. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu, naye akakaa chini polepole kama mtu aliyeamua kupumzika. Nilimwambia ainuke. Akanitazama, akasema, “Mguu umekataa.”

Tulimwita mzee anayeunga mifupa, mtu aliyewatengeneza wavuvi wengi pale pwani ya ziwa. Alimshika paja, akafumba macho, akaliachia. Alituambia kwamba pale palikuwa ndani mno, mkono wake haufiki, twende Bujumbura. Lakini barabara ilikuwa imefungwa. Tulingoja mpaka wanajeshi walipoipita asubuhi moja na magari yakaruhusiwa kufuatana, tukamlaza juu ya godoro nyuma ya minibasi. Kila bariyeri, yaani kizuizi cha barabarani, askari alipofungua mlango, mke wangu alitangulia kumsalimu, “Amahoro,” yaani amani, na askari akaufunga mlango kwa upole.

Daktari wa upasuaji alituonyesha picha ya radio, ile inayopigwa kuona mifupa. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimekatika shingoni. Alisema atakitoa na kuweka cha chuma mahali pake. Mke wangu hakuuliza habari ya chuma. Aliuliza kile kitakachotolewa kinakwenda wapi. Daktari akajibu kwamba vitu kama hivyo huchomwa moto.

“Cha kwangu hakichomwi,” akasema. Kisha akanigeukia. “Mwalimu, mwambie.”

Nilimweleza daktari kuwa sisi kiungo kilichotoka kwa mtu aliye hai tunakizika, na hatukitupi wala kukitia moto, kwa sababu mwili wa mwanadamu una heshima yake hata ukiwa kipande. Alikuwa mtu mwema. Alisema atatukabidhi mfupa huo.

Sasa ni lazima nimtaje binti yetu wa pili. Mwanzoni mwa vita alivuka kwenda Kigoma, akasoma huko, na kwa rehema za Mungu akapata nafasi ya kwenda Ulaya kuendelea na elimu ya fizikia. Siku zile alikuwa katika labo moja inayochunguza mifupa ya binadamu kwa sumaku. Aliposikia habari ya mama yake alipiga simu kwa mjomba wake, mdogo wa mke wangu anayekaa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, ambako tulikuwa tumefikia. Alilia, akaacha kulia, akauliza kama mfupa umeshazikwa. Nikamwambia upasuaji ni kesho. Akaniomba tusiuzike. Akaomba apelekewe.

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilimuuliza ni mtoto gani anayetaka kumweka mama yake mezani. Akanieleza kwa subira, kama nilivyokuwa nikimweleza herufi alipokuwa mdogo. Alisema mfupa si kama jiwe. Ndani yake mna matundu madogo madogo yasiyoonekana kwa macho, na ndani ya matundu mna maji. Mtu akizeeka, hasa mwanamke, matundu hupanuka na kuungana, na mfupa unakuwa mwepesi kama boga lililokauka. Picha ya radio huonyesha kwamba mfupa umepungua, ila haionyeshi vizuri matundu yalivyo. Wao huuweka mfupa ndani ya sumaku kubwa, wakayagusa yale maji kwa mawimbi kama ya redio, maji yakajibu. Yaliyo ndani ya tundu kubwa huendelea kujibu kwa muda mrefu kidogo, na yaliyo ndani ya tundu dogo hunyamaza upesi kwa sababu yanagusana na ukuta. Kwa kusikiliza ule unyamavu, huweza kujua matundu ni mapana kiasi gani bila kuukata mfupa.

“Baba,” akasema, “mama ana mguu mwingine. Nataka kujua kilichomvunja. Na mimi ni binti yake, nina mifupa yake.”

Maneno hayo nilimpelekea mke wangu kitandani. Alikuwa mtu wa kufikiri huku akisokota ncha ya kanga. Mwishowe akaniuliza kama elimu hiyo ni ya halali. Nikamwambia elimu ya kuondoa maradhi ina thawabu, mradi mfupa uheshimiwe na mwisho wake uwe ardhini.

“Basi aende nao,” akasema. “Lakini urudi. Unitangulie au tuingie pamoja. Mimi nataka kuingia mchangani nikiwa muzima.”

Niliyarudia maneno hayo kwa simu, na binti yetu aliapa. Hilo ndilo lilikuwa sharti, na kuanzia siku ile mke wangu hakuwa na shughuli nyingine iliyomkaa moyoni kama hiyo. Hata alipouliza habari za wajukuu, alimalizia na mfupa wake.

Upasuaji ulikwenda salama. Tulipewa mfupa ndani ya chupa, mdogo kuliko nilivyodhani, duara kama ngumi ya mtoto, upande mmoja laini na upande mwingine umechongoka. Binti alikuwa ameagiza usitiwe dawa yoyote: tuuviringe kwa shashi iliyolowa maji ya chumvi kidogo, tuuweke kwenye baridi, na daktari mmoja wa Kizungu aliyekuwa akimaliza kazi yake Bujumbura angeuchukua pamoja na karatasi za ruhusa. Shemeji yangu alikuwa na frigo iliyofanya kazi siku zile umeme ulipokuwapo. Aliuweka humo, juu kabisa, akawakataza watoto wasiifungue.

Shemeji yangu huyo hakuweza kukaa bila utani. Alisimama mlangoni pa chumba akasema, “Shemeji, kwetu mumeniletea makubwa. Dada yangu iko kitandani, tena iko kwenye frigo. Nitamulisha yupi?”

“Mulishe wa kitandani,” mke wangu akamjibu. “Wa kwenye frigo amefunga. Na weye ukiona njaa, usije ukamupika.”

Tulicheka, na kucheka kulimuumiza kidonda, akacheka na huku anauma kanga. Huo ndio wakati wa mwisho ninaoukumbuka tukicheka wote watatu.

Safari ya yule daktari wa Kizungu ilicheleweshwa. Mji ulikuwa umechafuka, ndege hazikuruka, na umeme ukawa unakatika. Mke wangu alihofia mfupa utanuka na kumwaibisha mbele ya watu wa Ulaya. Siku ambayo daktari alituma mtu kuuchukua, mke wangu aliomba aletewe ile chupa. Akaufungua mfupa wake, akautazama kwa muda mrefu. Akauosha kwa maji safi, akaufuta. Kisha akamtuma mke wa ndugu yake amletee mafuta meupe, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za chikichi, ambayo yeye mwenyewe aliyatengeneza Rumonge na kuja nayo. Aliyachovya kidole, akaupaka mfupa ule taratibu, kila upande, akayasugua yaingie kwenye ule upande uliomeguka, kama alivyokuwa akiwapaka watoto wetu utosini walipokuwa wachanga.

Kwetu mtoto hatoki nyumbani kwenda safari akiwa mkavu. Mama humpaka mafuta hata kama anakwenda ng'ambo ya mto tu, ili huko aendako wasiseme huyu hana mwenyewe. Sote tuliokuwa chumbani tuliona ni jambo la haki, na hakuna aliyewaza vingine. Baada ya hapo aliuviringa tena kwa shashi na maji ya chumvi kama alivyoagizwa, akasema, “Bismillahi, nenda urudi.”

Barabara ilipofunguka tulirudi Rumonge. Alitembea kwa magongo mawili, halafu kwa moja. Alikaa kwenye kigoda akiwaelekeza wanawake namna ya kuchemsha chikichi, na jirani yetu, mama mmoja Mkristo aliyetoka Kivu ya Kusini, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alimletea mchuzi kila aliporudi kutoka sokoni. Mumewe alikuwa ameingia ziwani usiku wa vurugu pamoja na wenzake, na mtumbwi haukuonekana tena wala wao. Mama huyo hakupenda kulizungumza. Alikuja na mchuzi wake, akakaa, akaenda.

Baada ya muda binti yetu alituma habari kwamba anataka kuzungumza na mama mwenyewe. Tulimpakia kwenye baiskeli hadi kwa mwenye simu karibu na soko. Sauti ilikuwa kubwa, hata mimi niliyesimama pembeni nilisikia.

“Mama, ule mfupa uliutia nini?”

“Niliupaka mafuta.”

Binti akasikika akicheka, au pengine alilia, kwenye simu huwezi kupambanua. Alimweleza mama yake kwamba sumaku ile husikiliza maji, lakini mafuta nayo hujibu, tena kwa sauti yake nyingine, na mafuta yalikuwa yameingia mpaka ndani kabisa. Wiki nzima walihangaika na mfupa usiofanana na mfupa wowote waliowahi kuupima. Mwalimu wake alidhani chombo kimeharibika.

“Mama, mashine imesoma mafuta.”

“Imesoma vizuri,” mke wangu akasema. “Ndiyo niliyoweka.”

Mwenye simu akacheka, watu waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Lakini binti akaendelea. Mafuta hayo yalitakiwa yatolewe yote, polepole, kwa dawa isiyoudhuru mfupa, kisha utiwe maji upya ndipo upimwe. Ingechukua muda. Aliuliza kama mama anaweza kumngoja.

Mke wangu aliufunika mdomo wa simu kwa kiganja, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Unaonaje?” Nikamwambia ni mfupa wake, aamue yeye. Akamwambia binti, “Fanya kazi yako uimalize. Lakini usisahau uliloapa.” Akarudi nyumbani amekaa kwenye baiskeli hali amenyooka.

Homa ilimshika wakati wa mvua. Mwanzoni tulidhani ni malaria ya kawaida, tukampa dawa. Baadaye kifua kikaziba. Kituo cha afya hakikuwa na kitu, na barabara ya Bujumbura ilikuwa imefungwa tena kwa sababu ya mapigano. Nilikwenda kwa wenye magari mmoja mmoja. Kila mmoja alinionea huruma na kila mmoja alikataa, nami siwalaumu, walikuwa na watoto. Nilirudi nikakaa karibu naye. Alikuwa anasema kwa shida. Hakuniusia habari ya watoto wala ya nyumba. Aliuliza, “Umefika?” Nikajua anachokiuliza. Nikamwambia bado. Akafumba macho, akasema, “Haya.” Alifariki adhuhuri, na shahada ilikuwa mdomoni mwake, Alhamdulillahi.

Maiti haingojeshwi, na siku zile haikuwa salama kungojesha hata kama tungetaka. Wanawake walimwosha. Mwoshaji, bibi mtu mzima, alitoka nje akanivuta pembeni. Aliniuliza kwa adabu kama ule mguu wenye mshono una kitu ndani, kwa sababu ameuona mzito, na kama kilichotoka mle kipo nyumbani, akitie kwenye sanda. Nikamwambia kilichomo ni chuma, na kilichotoka kiko Ulaya. Akanitazama. Akasema, “Lilikuwa linamusumbua hilo. Aliniambia.” Akarudi ndani.

Tulimzika kabla ya jua kuzama. Niliingia kaburini mimi na wanangu wa kiume, nikamlaza kwa ubavu wa kulia, na mkono wangu ulipopita kwenye paja lake ulijua kinachokosekana.

Nilikaa msiba nikiwa na huzuni mbili, na ile ya pili niliionea haya. Watu wangapi wa nchi yetu walizikwa mashimoni bila sanda, wangapi hawakuzikwa. Nami nilikuwa nalilia mfupa wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Jirani yetu wa ndagala alinikuta hivyo uani. Alikaa kwenye kile kigoda cha marehemu.

“Mwalimu,” akasema, “weye unalilia kipande. Miye nilikosa muzima.”

Hakusema kwa kunidharau. Alisema kama mtu anayempimia mwenzake njia. Nilimwambia samahani. Akaniambia nisiombe samahani, nilie tu, kwani hata yeye angekuwa na kipande angekililia. Alilia pale, mara ya kwanza mbele yangu, nami sikujua la kufanya ila kumwombea mumewe kwa Mungu aliye wangu na wake.

Simu ya binti ilikuja baada ya msiba, barabara na mitambo ilipotulia kidogo. Habari ilikuwa imeshamfikia kwa mjomba wake. Akaanza kunieleza kazi yake, nami nikamwacha, kwa sababu nilijua anatafuta mahali pa kushika. Alisema mafuta yalitoka yote, maji yakaingia, na sumaku ikasikia. Matundu yalikuwa mapana sana, na mengi yalikuwa yameungana. Mfupa wa mama ulikuwa umekuwa hivyo kwa miaka, pengine tangu siku zile za kukimbia. Alisema haelewi ulivyombeba na sufuria na mjukuu.

“Baba,” akasema, “niliuosha mimi. Mwalimu wangu alitaka kumpa fundi kazi hiyo, nikakataa. Kila siku niliubadilishia dawa, nikausuuza kwa maji. Ile siku mama alipofariki nilikuwa nausuuza. Sikujua.”

Kwetu mama huoshwa na mabinti zake pamoja na mwoshaji, na yeye ndiye aliyekosekana siku ile.

Kisha akaniuliza lile aliloogopa kuniuliza. Aliapa kuurudisha, na kiapo kimebaki shingoni mwake. Je, aje nao? Alikuwa tayari kupanda ndege mpaka Bujumbura, kisha ashuke Rumonge kwa njia yoyote. Angeufukua mchanga kwa mikono na kuuweka mahali pake.

Nilizijua bariyeri zote kati ya Bujumbura na kwetu, na nilijua nani hakurudi kupitia hapo. Niliijua pia sheria, kwa kuwa niliisomesha: kiungo kikipatikana baada ya maiti kuzikwa, huviringwa kitambaa safi na kuzikwa kwa heshima, na kaburi halifukuliwi. Elimu ilikuwa upande mmoja. Upande mwingine alikuwapo mke wangu akiniuliza, “Umefika?”

Nilimwambia, “Mwanangu, usije. Uzike huko huko.”

Akasema mama hakutaka hivyo.

“Mama yako alitaka kuingia mchangani akiwa mzima,” nikamwambia. “Sasa anaingia kwa milango miwili. Mchanga wote una mwenyewe mmoja, na Yeye hapotezi kitu. Kiapo nakufungua mimi, na kafara yake, usipoweza kulisha maskini kumi, utafunga siku tatu. Lakini wewe ukifia njiani kwa ajili ya mfupa, nitamwambia nini nikikutana naye?”

Alikwenda kwa Waislamu wa mji ule. Imamu wao, mtu wa Maghribi, aliusikiliza mkasa wote, akampa nafasi pembeni mwa makaburi yao. Binti aliuviringa kwa kitambaa cheupe. Aliniambia kwamba kabla ya kuufunga alifikiri sana, kisha akaupaka mafuta, ya huko huko, kwa kuwa ya kwetu hakuwa nayo. Nilimuuliza kama aliruhusiwa. Akasema hakumuuliza mtu.

Vita vilikwisha baadaye, barabara ikawa barabara. Binti yetu amekuja mara kadhaa. Hufika kaburini, akakaa upande wa mguu. Mimi hukaa upande wa kichwa. Siwezi kusema kuwa moyo umeridhika kama elimu ilivyoridhika. Alichokitaka mke wangu hakukipata hapa duniani, na nampelekea Mola wangu dua hiyo kila baada ya sala: ayakusanye aliyoyatawanya, kwani ni mepesi Kwake.

Nawe unayesoma, Mungu aitie nguvu mifupa yako ukiwa hai, aihifadhi ukiwa mchangani, na akukutanishe na wako siku ambayo hakuna barabara itakayofungwa. Amina.